Chanjo Zikiwa Chache, Nani Atangulie? Historia ya Ndui na Foleni ya Kliniki Yetu

Leo sitazungumza juu ya dalili za ugonjwa wala juu ya uji wa mtoto. Leo nataka tuzungumze juu ya foleni. Yaani, chanjo zikiwa chache na watoto ni wengi, nani atangulie? Na sisi wengine tufanye nini tunapongoja?

Nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Ilikuwa Jumanne, siku ya kliniki, miaka kadhaa iliyopita. Nilikuwa nikifanya kazi katika zahanati moja ambayo sitaitaja jina. Asubuhi nilifungua friji la chanjo nikakuta chupa mbili tu za chanjo ya ukambi na rubela. Chupa moja ni ya watoto 10, kwa hivyo nilikuwa na chanjo ya watoto 20. Nje, kwenye mabenchi na chini ya mti, kulikuwa na akina mama zaidi ya 30.

Sikuwaambia. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Niliogopa kwamba nikisema, watapiga kelele na kusukumana. Nikaanza kazi kimya kimya. Kosa la pili lilifuata upesi. Alikuja mama mmoja ninayemfahamu, mke wa mtu anayeheshimika pale kijijini, nami nikampitisha kwa mlango wa nyuma. Mwenzangu alipoona hivyo, naye akamwingiza shemeji yake. Kisha akaingia jirani wa shemeji. Watoto watatu wakachanjwa kupitia mlango wa nyuma.

Chupa ya pili ilipoisha, aliyekuwa mbele yangu ni mama aliyetoka mbali, na mtoto wake wa miezi tisa mgongoni. Alikuwa ametoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Sista, ni nyinyi mliotufundisha hapa kwamba chupa ni ya watoto kumi. Mimi nimeziona chupa mbili. Nami nimehesabu tangu asubuhi, ni wa kumi na nane. Mbona zimeishia kwa kumi na saba?"

Sikuwa na jibu. Akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akaenda zake. Mwezi uliofuata hakurudi kliniki.

Akina mama, swali la huyo mama halikutoka kichwani mwangu. Nilirudi kusoma upya habari za chanjo, jinsi zilivyoanza na jinsi watu wa zamani walivyozigawa zilipokuwa hazitoshi. Nikaona kwamba swali lake limewahi kuulizwa katika nchi nyingi, na wako waliolijibu vizuri. Historia iliyonifundisha zaidi ni ya ugonjwa wa ndui.

NDUI ILIKUWA NINI?

Vijana wa leo hawaijui ndui, na tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini waulizeni wazee. Ndui ilianza kwa homa kali, kisha mwili ukajaa malengelenge yenye usaha, usoni, mikononi, hata ndani ya mdomo. Kati ya watu 10 walioshikwa na ndui ile kali, karibu 3 walikufa. Waliopona walibaki na makovu usoni, na wengine walipofuka macho. Dawa ya kuitibu haikuwapo.

Lakini kinga ilikuwapo. Mwaka 1796 daktari mmoja wa Uingereza, Edward Jenner, alionyesha kwamba mtu akichanjwa kwa usaha wa ndui ya ng'ombe, ambayo ni nyepesi, hapatwi na ndui ya watu. Hiyo ndiyo chanjo ya kwanza duniani. Wazee wetu wengi bado wana kovu la chanjo hiyo kwenye mkono. Ukirudi nyumbani leo, mwombe nyanya akuonyeshe kovu lake, akuhadithie siku aliyochanjwa.

Basi chanjo ilikuwapo tangu zamani. Shida ilikuwa kuifikisha kwa watu, kwa maana haikutosha kila mahali kwa wakati mmoja. Hapo ndipo swali la haki lilipoingia.

JIJI LILILOAMBIWA UKWELI

Twende kwanza Marekani, katika jiji la New York, mwaka 1947. Mapema mwezi wa Machi mwaka huo, msafiri mmoja aliwasili kwa basi kutoka Mexico akiwa anaumwa. Alilazwa hospitalini, akafariki, na madaktari hawakujua kwamba ilikuwa ndui. Jiji lilikuwa limekaa miaka mingi bila ndui, na madaktari wengi hawakuwahi kuiona. Walipogundua, mwezi wa Aprili, wagonjwa wengine walikuwa wameshaambukizwa.

New York ilikuwa na watu zaidi ya milioni 7. Chanjo iliyokuwa ghalani haikuwatosha. Mkuu wa afya wa jiji, Dkt. Israel Weinstein, angeweza kunyamaza kama nilivyonyamaza mimi. Hakunyamaza. Alitangaza redioni na magazetini kwamba ndui imeingia, na kwamba watu wote waje kuchanjwa bila malipo. Meya, William O'Dwyer, alichanjwa hadharani watu wakiona. Kisha akawaita wenye viwanda vya dawa na kuwabana watengeneze chanjo zaidi, na nyingine zikaletwa kutoka kwa jeshi.

Foleni zilizunguka majengo, kwenye hospitali na hata kwenye vituo vya polisi. Katika majuma machache mamilioni ya watu wakachanjwa. Mwishowe wagonjwa wote walikuwa 12 tu, na waliokufa walikuwa 2.

Nimejifunza nini hapo? Nimejifunza kwamba watu wakiambiwa ukweli, wengi wao husimama kwenye foleni. Kinachowafanya watu wasukumane ni kutojua. Mtu asiyejua kama chanjo ipo au imeisha, wala kesho itakuwapo au la, atapigana afike mbele. Nawe ungefanya vivyo hivyo kwa ajili ya mtoto wako. Lakini mtu aliyeambiwa, "zimeisha leo, zitakuja siku fulani, jina lako nimeliandika," huyo ataudhika, ndiyo, lakini atarudi.

Hata hivyo, New York lilikuwa jiji tajiri. Liliweza kuagiza chanjo za mamilioni ya watu likazipata. Je, mahali pasipo na viwanda wala fedha pafanye nini? Kwa jibu la swali hilo tunarudi huku kwetu Afrika.

KIJIJI KINACHOUNGUA

Ilikuwa Desemba 1966, eneo la Ogoja, mashariki mwa Nigeria. Shirika la Afya Duniani lilikuwa linajiandaa kuanza kampeni kubwa ya kuimaliza ndui duniani kuanzia Januari 1967. Mpango ulikuwa kumchanja karibu kila mtu, angalau watu 80 katika kila 100. Lakini kabla chanjo za kampeni hiyo hazijafika, ndui ikazuka vijijini.

Daktari aliyekuwa huko aliitwa William Foege, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha misheni. Alikuwa na chanjo chache, na eneo lilikuwa na watu wengi sana. Afanyeje? Awape watu wa mjini kwa kuwa wako karibu? Awape wakubwa kwa kuwa ndio wenye sauti? Au amgawie kila kijiji kidogo kidogo, mpaka ziishe bila kuziba pengo lolote?

Akina mama, sikilizeni alichofanya, kwa maana kilifanyika kwa redio kama hii yetu. Wamisionari wa eneo lile walikuwa na redio za kuzungumza wao kwa wao, na kila jioni walisalimiana kwa redio hizo. Jioni moja Foege na wenzake walitandaza ramani, wakamgawia kila mmoja sehemu yake, wakawaomba watume watu mbio vijijini waulize: hapa kuna mgonjwa wa ndui? Baada ya siku moja walizungumza tena. Sasa walijua ndui iko wapi na haiko wapi.

Basi chanjo chache zile zikaenda kwanza kwa watu wa vijiji vyenye wagonjwa, yaani jamaa za mgonjwa, majirani zake, na waliomhudumia. Kisha wakajiuliza, watu wa vijiji hivi huenda soko gani? Wana jamaa wapi? Huko nako wakachanja, kabla ndui haijafika.

Foege alipokuwa kijana alifanya kazi ya kuzima moto wa misitu, naye aliona jambo hili kwa macho ya mzima moto. Sisi tunalielewa bila hata kufika msituni. Nyumba ya nyasi ikishika moto na maji ni ndoo tano tu, huwezi kumgawia kila mwenye nyumba kikombe kimoja kimoja ili wote waone wametendewa sawa. Maji yote unayamwaga pale panapoungua, na kwenye paa la jirani aliye karibu na moto. Mwenye nyumba ya mbali hapati hata tone, lakini nyumba yake imeokolewa pia, kwa sababu moto haukumfikia.

Katika majuma machache ndui ikazimika katika eneo lile, bila kila mtu kuchanjwa. Njia hiyo ikaenea nchi nyingine za Afrika, kisha India na Bangladesh, nayo ndiyo iliyoimaliza ndui kabisa.

Hapa ndipo nilipopata jibu langu la kwanza. Kumpa kila mtu sawasawa si haki nyakati zote. Chanjo zikiwa chache, haki ni kumtanguliza aliye karibu na hatari. Aliye karibu na mlango wa nyuma hana haki hiyo, hata kama mume wake anaheshimika.

KUZIFANYA CHACHE ZITOSHE

Kuna jambo lingine dogo lililosaidia. Zamani mtu mmoja alichanjwa kwa tone zima la chanjo. Kisha ikabuniwa sindano fupi yenye ncha mbili, kama uma mdogo. Ukiichovya, inanasa tone dogo sana kati ya ncha zake, kisha unamdungadunga mtu kidogo kwenye ngozi. Sindano hiyo ilitumia karibu robo tu ya chanjo iliyotumika zamani, ikalinda vilevile. Kwa hivyo chupa iliyotosha watu 25 ikatosha watu 100. Ilianza kutumiwa sana kuanzia mwaka 1968.

Nawaambia hili kwa sababu nasikia mkinung'unika kliniki: "Kwa nini sista hafungui chupa? Mtoto wangu yuko hapa." Ni swali la haki. Chanjo ya ukambi na rubela ni unga, nasi tunaukoroga kwa maji yake maalum. Chupa ikishafunguliwa, kilichobaki hakiruhusiwi kutumika baada ya saa 6. Chanjo ya kifua kikuu anayopewa mtoto mchanga ni vivyo hivyo. Wakati wa upungufu, muuguzi anapowaomba mje siku moja mkiwa pamoja, anajaribu kuokoa dozi zisimwagwe. Lakini ana wajibu wa kukueleza hivyo kwa maneno ya heshima, na kukuandikia siku kamili ya kurudi. Kukufukuza tu si kuokoa chanjo. Na mwenye mtoto aliyechelewa sana, au anayetoka mbali, ana haki ya kuomba asaidiwe siku hiyohiyo.

MPISHI WA MERKA

Sasa tusogee karibu na nyumbani kabisa, kwa jirani zetu wa Somalia. Mwaka 1977 ndui ilikuwa imebaki huko peke yake duniani. Mwezi wa Oktoba, watoto wawili wenye ndui waliletwa kwa gari katika mji wa Merka, wapelekwe kwenye kambi ya kuwatenga wagonjwa. Dereva hakuijua njia. Kijana mmoja aliyekuwa mpishi wa hospitali, Ali Maow Maalin, alipanda garini akamwonyesha. Safari ilikuwa ya dakika chache tu.

Siku chache baadaye akaanza kuumwa, na tarehe 26 Oktoba 1977 vipele vilimtoka. Alifanya kazi hospitalini, mahali penyewe pa chanjo, lakini hakuwa na kinga. Baadaye alieleza kwamba aliiogopa chanjo, kwa kuwa ilionekana inauma.

Wahudumu wa afya hawakumtukana. Walimtenga, wakawatafuta wote aliokutana nao, na katika muda wa majuma mawili wakachanja zaidi ya watu 50,000 katika mji ule na jirani yake. Maalin akapona. Hakumwambukiza mtu. Yeye ndiye wa mwisho duniani kushikwa na ndui kwa njia ya kawaida ya kuambukizana. Miaka mingi baadaye alijitolea katika kampeni za polio nchini mwake, akiwahadithia wazazi kisa chake ili wasifanye kosa alilolifanya. Alifariki mwaka 2013, kwa malaria, akiwa bado katika kazi hiyo.

Miaka miwili kamili baada ya vipele vyake, tarehe 26 Oktoba 1979, ilitangazwa hapa kwetu Nairobi kwamba Pembe ya Afrika haina ndui tena. Mei 1980, Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba dunia nzima imeokoka.

Kisa cha Maalin kilinipa jibu la pili. Tunapozungumza juu ya haki kwenye foleni, tunamfikiria tu anayesukuma aingie mbele. Tunamsahau anayebaki nyuma kwa woga, kwa aibu, au kwa sababu alishawahi kutendewa vibaya. Huyo hapigi kelele. Hana wa kumsemea. Lakini ugonjwa unamjua aliko. Nami nilikuwa nimemfukuza mmoja kwa mikono yangu.

TULIVYOJARIBIWA SISI WENYEWE

Msidhani haya ni ya zamani tu. Mnaikumbuka corona. Mwanzoni mwa Machi 2021 Kenya ilipokea chanjo zake za kwanza, dozi milioni 1 na elfu 20. Kila mtu alihitaji dozi mbili. Piga hesabu, zingetosha watu 510,000, na nchi ilikuwa na zaidi ya watu milioni 47. Serikali ikasema watangulie wahudumu wa afya, na walimu, na walinda usalama. Kisha wakaongezwa wenye umri wa miaka 58 na zaidi, kwa kuwa corona iliwaua wazee kuliko vijana. Ni sheria ile ile ya nyumba ya nyasi, kwamba aliye karibu na moto aanze.

Je, tuliifuata? Wengi waliifuata. Lakini katika kituo kimoja nilichopita niliona kwa macho yangu mzee mwenye mkongojo akingoja kwenye jua, na vijana wenye viatu vya kung'aa wakiitwa kwa simu na kuingizwa ndani. Hakuna aliyesema neno. Tuna methali yetu isemayo mwenye nguvu mpishe. Huenda ni busara njiani unapokutana na ng'ombe dume. Katika foleni ya chanjo si busara, kwa maana nguvu ya mtu huyo haimwongezei hatari ya ugonjwa, wala unyonge wa mzee haumpunguzii. Majuma machache baadaye India ilizuia chanjo zisitoke nchini mwake, nasi zikatupungukia. Wako waliongoja dozi ya pili kwa muda mrefu.

Nipeni mfano mmoja zaidi, wa chanjo ya malaria ya watoto. Hapa Kenya ilianza kutolewa tarehe 13 Septemba 2019, huko Homa Bay. Hata baada ya kuthibitishwa, haikuwapo ya kutosha. Julai 2023 ilitangazwa kwamba dozi milioni 18 zingegawiwa nchi 12 za Afrika hadi mwaka 2025, na kipimo cha kwanza kilikuwa mahali ambapo watoto wanaugua na kufa zaidi kwa malaria. Mama wa Nyeri akiuliza, "Mbona wa kanda ya ziwa amepewa, wangu hakupewa?" nitamjibu: mama, kule ndiko nyumba inakoungua. Mbu wa kule hana huruma. Si upendeleo.

TUFANYE NINI SISI?

Akina mama, upungufu utakuja tena. Katikati ya mwaka 2025 chanjo za kifua kikuu na polio zilipungua katika vituo vingi nchini, na wengi wenu mlirudishwa nyumbani na watoto wachanga mikononi. Zikipungua tena, haya ndiyo ninayowaomba.

Kwanza, ulizeni mapema, kabla ya kukaa. Ulizeni kwa upole lakini kwa sauti: "Sista, leo kuna dozi ngapi?" Hiyo si dharau. Ni haki yenu kujua, nasi tunapaswa kuandika idadi ubaoni kabla ya kuanza kazi.

Pili, pokeeni vikaratasi vya nambari, na kila mtu aijue nambari ya aliye mbele yake. Foleni inayojijua ni vigumu kuibiwa.

Tatu, mpisheni aliye hatarini zaidi, nanyi mjue kwa nini mnampisha. Kama ukambi umeonekana katika kijiji fulani, watoto wa kijiji hicho watangulie. Mtoto aliyepitisha tarehe yake bila dozi hata moja amtangulie anayengoja dozi ya pili. Na wa kusema nani atangulie ni muuguzi, mbele ya wote, akitoa sababu. Ikisemwa chumbani kwa kunong'ona, hiyo si sababu.

Nne, usidanganye miezi ya mtoto ili uingizwe, wala usitoe "kitu kidogo". Chanjo za watoto katika vituo vya serikali hazilipiwi. Anayekuomba pesa ya chanjo anakuibia wewe, na anamwibia pia asiye na hiyo pesa. Mripoti kwa msimamizi wa kituo au kwa kamati ya kituo chenu.

Tano, ukirudishwa, usiondoke mikono mitupu. Hakikisha jina lako na nambari ya simu, yako au ya jirani, zimeandikwa, na tarehe ya kurudi imewekwa katika kitabu chako cha kliniki. Safari ijayo uwe wa kwanza.

Na sita, mkumbukeni aliyebaki nyumbani. Ukisikia chanjo zimefika, mwambie jirani. Mpitie yule anayeogopa, mje pamoja.

Hayo ni yenu. Yetu sisi wauguzi ni mawili: kusema ukweli mapema, na kufunga mlango wa nyuma. Hata kwa jamaa zetu. Hata kwa wakubwa wetu.

Nimalizie kwa kisa changu. Mwezi wa pili yule mama alipokosekana tena, nilimwomba mhudumu wa afya wa kijiji anisindikize hadi kwake. Tulitembea sana, na njiani nikaelewa kwa miguu yangu kile alichokifanya alfajiri ile. Alitukaribisha, akatupa maji ya kunywa. Nikamwomba msamaha mbele ya mama mkwe wake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sista, kukosa nilizoea. Kilichoniuma ni kwamba niliona." Nikamwahidi kwamba mtoto wake atakuwa wa kwanza siku ya kliniki ijayo. Akasema hapana, hataki kupita mbele ya watu, anataka nambari yake tu. Jumanne iliyofuata alikuja, akapewa nambari yake, akangoja, mtoto akachanjwa. Kwa neema ya Mungu, ukambi haukuwa umemfikia kabla yetu.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi ya kliniki, jambo la kwanza ninalofanya nikifungua friji ni kuchukua chaki. Naandika ubaoni: leo tuna dozi hizi. Kelele ninazozipata ni chache mno kuliko nilivyoogopa.

Mkumbuke, mtoto hupewa chanjo ya ukambi na rubela akiwa na miezi 9, kisha tena akiwa na miezi 18. Tazama kitabu chako cha kliniki leo jioni, uone kama kuna dozi iliyorukwa. Hadi tutakapokutana tena katika kipindi chetu, mimi ni muuguzi wenu. Kwaherini.